Mto wa Mbu, nyuma ya maduka ya vinyago

Wageni wengi huuona Mto wa Mbu kupitia dirisha la gari la watalii. Wanasimama, wananunua ndizi nyekundu, wanapandisha kwenda Karatu na Ngorongoro. Wameona barabara moja yenye vinyago na bodaboda. Mji wenyewe uko nyuma ya hayo maduka, ndani ya migomba.

Kuuelewa, anza na ukuta. Ndivyo mimi ninavyouita ukingo wa Bonde la Ufa, uliosimama magharibi yetu kama mita 600. Juu yake kuna mvua na baridi ya Karatu. Huku chini, njia yote kutoka Makuyuni ni nyika kavu ya Wamaasai, na kwa mvua yetu wenyewe mpunga tungeusikia tu redioni. Kinachotuokoa ni maji yanayozama ardhini kule juu na kuibukia miguuni mwa ukuta, pamoja na vijito vinavyoteremka. Ndiyo maana ukivuka tu lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara unaingia kwenye msitu mzito, miti mirefu na nyani tele, mahali ambapo mvua peke yake isingetosha. Ziwa usilitegemee: ni la magadi, halina mto unaotoka, na kiangazi kikikaza linarudi nyuma hadi unashangaa.

Jina la ziwa limechukuliwa na Mkoa wa Manyara tangu 2002, ila sisi tumebaki Wilaya ya Monduli, Arusha. Nimechoka kuwaeleza watu.

Mifereji ilipochimbwa miaka ya 1950, watu wakamiminika: Warangi, Wachaga, Wambulu, Wambugwe, Wanyaturu, Wasandawe, hadi Waha wa Kigoma na michikichi yao. Waongoza watalii husema tuko makabila 120. Nani alihesabu? Sensa iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967. Karani aliyekuja kwetu Agosti 2022 aliuliza habari za choo na ulemavu. Kabila hakuligusa, na alifanya vyema.

Mimi watu wa mji huu nawajulia mferejini, usiku wa zamu. Jaruba la mama liko katikati: juu yetu mzee wa Kirangi, chini kijana wa Kimbulu. Maji yanafunguliwa kwa jembe na kuzibwa kwa viroba vya mchanga, tochi mdomoni, tope magotini, na mbu ambao jina la mji halikuwasingizia.

“Mama, umeshafunga?” kijana anaita gizani.

“Bado kidogo, baba, kona ya juu haijalowa.”

“Kidogo ya saa sita nayo ilikuwa hiyo hiyo, mama yangu!”

Mama anacheka, anaziba. Saa nyingine hacheki, na asubuhi kesi inafika kwa kamati ya maji.

Siku hizi watu wanaongezeka kuliko maji. Majaruba yaliyo karibu na lami yanakatwa viwanja, zinaota nyumba za wageni na maegesho, na mifereji midogo inafukiwa kifusi bila mtu kuuliza ilikuwa ikimpelekea nani maji. Mvua kubwa zikishuka kutoka juu, maji yanatafuta njia zao za zamani na kuzikuta zina sebule. Jaruba la mama nalo limeshapata mteja, kaja mara mbili na gari jeupe. Mama amemwambia arudi baada ya mavuno, na mavuno yakipita atamwambia hivyo hivyo.