Usiku wa Kisauni

Mwaka 2005 nilikuwa karani bandarini Kilindini, na kanisani kwetu upande wa Freretown nilikuwa katibu wa vijana. Kati ya kazi hizo mbili, niliyoielewa ni ile ya bandarini. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko mzuri. Nikiitwa kuomba mbele za watu nilikuwa nasema maneno machache, amina, nakaa.

Si kwamba sikuamini. Imani niliikuta nyumbani. Bibi yake bibi yangu alikuwa miongoni mwa mateka waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa Freretown, makao yaliyofunguliwa miaka ya 1870 na wamisheni wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza. Kengele iliyogongwa kuwaonya watu hatari ikija ndiyo iliyopatia mahali pale jina la Kengeleni, na matatu yangu ilipita hapo kila asubuhi. Yeye alikuwa na sababu ya kuamini: minyororo ilimtoka. Mimi sikuwahi kufunguliwa chochote. Katika Injili yote niliyejiona ninaweza kukaa naye benchi moja ni yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto anayeanguka, aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Basi mzee wa kanisa akanipigia simu saa nne za usiku. Yuko matangani Mtongwe, mvua inamwagika, kuvuka hawezi. Kuna nyumba Kisauni, mtoto anaweweseka na kukakamaa, mamake anataka mtu wa kumwombea.

"Nenda wewe."

"Mzee, mimi sina..."

"Huna nini?"

Sikuweza kumwambia. Kichwani mlikuwa na wana wa Skewa wa Matendo 19, walioamuru pepo kwa jina la Yesu wasiyemjua, wakaulizwa ninyi ni akina nani, wakatoka mbio uchi na majeraha. Nilijiona nikikata vichochoro vya Kisauni bila shati.

"Makontena ya hapo bandarini ni yako?" akauliza.

"La."

"Unajua ndani mna nini?"

"Nasoma karatasi tu, mzee."

"Na ukigonga muhuri, mzigo hautoki?"

"Unatoka."

"Kwani ni wewe?" Akanyamaza kidogo. "Kasome habari za yule akida wa jeshi, Luka 7. Hakujisifia cheo. Alisema amewekwa chini ya mamlaka. Mimi nimetumwa, nami nakutuma. Na usipige kelele huko, Mungu si kiziwi."

Ilikuwa nyumba ya vyumba vya kupanga, ukumbi mrefu katikati, stima zimepotea. Mtoto, wa miaka minne hivi, alikuwa kwenye mkeka, kichwa pajani mwa mamake, macho yamegeuka, meno yameshikana. Chumba kizima kilinuka ubani. Jirani, mama wa makamo wa Kiislamu, ndiye aliyefukiza. Aliponiona na Biblia akavuta chetezo upande wake, akasema, "Pita, mwanangu. Sisi tumeomba, nawe omba." Watu wa bara hucheka wakisikia habari za majini. Waje wacheke saa tano za usiku, gizani, mtoto akiwa vile.

Nilipiga magoti nikamshika kisigino, maana ndicho kilichokuwa karibu. Kilikuwa moto, na mchanga mkavu umeganda katikati ya vidole. Nikangoja nihisi kitu. Wahubiri niliowasikia kwenye mikutano ya injili uwanjani Tononoka walizoea kusimulia moto unaoshuka mikononi. Mimi nilichohisi ni saruji gotini. Nikasema, kwa sauti ileile ninayotumia na madereva kazini, "Kwa jina la Yesu, mwache mtoto huyu." Na papo hapo, kimoyomoyo, nikamwambia Mungu kwamba sina hakika kama ananisikia.

Yote mawili niliyasema kwa dhati. Miaka yote nilikuwa nangoja shaka iondoke kwanza ndipo nifungue kinywa, na usiku ule haikuondoka. Ilikaa palepale, na maneno yakatoka.

Mtoto akalegea. Akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kama mtoto yeyote mwenye homa. Najua degedege la homa mara nyingi huisha lenyewe baada ya dakika chache. Najua pia niliamuru na mtoto akalegea. Sijaona haja ya kufuta moja ili nibaki na jingine.

"Sasa twende hospitali," nikasema.

Mama akanitazama kana kwamba nimeyatangua maombi yangu mwenyewe. Si tumeshaomba? Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, nilizungumza bila kujiuliza mimi ni nani. "Vaa viatu, mama. Aliyenituma hajakataza daktari." Jirani alikuwa ameshamfunika mtoto kwa leso yake na kutoka nje kutafuta gari. Tulivuka daraja la Nyali mvua ikitupiga, tukafika Makadara, akapimwa. Ilikuwa malaria. Akatundikiwa dripu, na alfajiri akaomba uji.

Jumapili mama yule alisimama kutoa ushuhuda. Kwa maelezo yake, jini lilikuwa refu, lilipita dirishani, na mimi nililikemea hadi barabarani. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nikasimama nikasema kulikuwa pia na dripu ya Makadara, na ubani wa jirani, ambaye angefaa kushukuriwa. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Baada ya ibada alinikuta nje chini ya mwembe. Nikamwambia bado nina mashaka.

"Hilo nalijua," akasema. "Yule mmisheni Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka uleule akazika mke na mtoto mchanga huku ng'ambo ya kisiwa, naye mwenyewe ana homa. Unadhani hakuuliza maswali?" Kisha akatoa kwapani daftari la wagonjwa, lile lenye jalada gumu, lililokuwa halitoki mkononi mwake. "Kisauni yote ni yako sasa. Alhamisi uanze na babu mmoja Bombolulu. Ana presha, hasikii vizuri sikio la kushoto, na maombi marefu hayapendi kabisa."