Anko, imeganda?

Usiku wa kwanza niliharibu. Nilikuwa nimeazima projekta kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi, nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, nikawatangazia wapangaji wenzangu na watoto wa nyumba nzima kwamba leo nawaonyesha kipande cha picha ya sinema ambacho hadi kesho nikikiona mwili unanisisimka. Watu wakaja. Mikeka ikatandikwa, mama mmoja akatokea na beseni lake la karanga za kuuza. Nikabonyeza.

Wakaonekana wanaume watatu wamesimama kwenye uwanja wa mviringo katikati ya makaburi. Wanatazamana. Basi. Macho, kidole kinachosogelea bastola, macho tena, na nyuma yake tarumbeta inapanda taratibu. Haijafika hata dakika mbili, mtoto mmoja wa darasa la nne akageuka, akaniuliza kwa heshima zake zote: "Anko, imeganda?"

Uani kote kicheko. Mwingine akadakia kwamba anko bando limekata. Risasi ilipolia, nusu ya watu walikuwa kwenye simu zao, na waliobaki hawakujua nani kampiga nani wala kisa chake nini. Nikazima, nikakunja shuka langu, nikala karanga za mia mbili kwa hasira.

Picha yenyewe ni The Good, the Bad and the Ugly, ya Sergio Leone, mwaka 1966, muziki wa Ennio Morricone. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza miaka ya tisini, Magomeni, kwenye banda umiza. Aliyekulia Dar haelezwi banda umiza ni nini, ila wadogo wasiolikuta wajue tu: kibanda cha mabati na maturubai, televisheni moja mbele, deki ya mkanda juu yake, mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa, na joto la kuivisha embe. Jina halikutoka mbali. Mnaingia na sarafu mkononi, mnatoka na alama za mbao makalioni.

Na kwenye banda hakuna picha iliyokaa kimya. Kulikuwa na mikanda iliyotiwa Kiswahili, na sauti ya Lufufu, mtiaji wa Kiswahili kwenye mikanda hiyo, tuliijua kuliko ya mwalimu mkuu. Pale kwetu kulikuwa pia na kijana aliyekaa pembeni na maiki, akieleza yanayosemwa na yasiyosemwa. Ndiye aliyetufundisha sheria za dunia ile: steringi hafi, rafiki wa steringi lazima afe, na adui akianza kucheka sana ujue siku zake zinahesabika. Wale watu watatu wa makaburini, kijana wa maiki hakuwaacha wanyamaze. Aliwawekea maneno. "Huyu anamwambia, wewe sogeza mkono, nikuzike hapahapa bila sanda." Nilikuja kugundua ukubwani, nilipoitazama peke yangu kwenye laptopu, kwamba pale hawasemi kitu. Karibu dakika tano za watu kutazamana, neno hakuna. Nilijiona kama nimedanganywa, halafu nikairudisha nikaitazama mara tatu mfululizo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikaja na dawa niliyoijua. Nikashika kikombe kama maiki, nikawa kijana wa banda. Nikawatia maneno wote watatu, nikampa mmoja lafudhi ya Kimakonde, mwingine nikamfanya dalali wa viwanja. Watu wakacheka mpaka mama wa karanga akashika mbavu. Nikaenda kulala nimefurahi sana. Asubuhi nikiwa bafuni ndipo ikanijia kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza juu ya ile picha. Waliniuliza lini nitafanya tena yule dalali. Kipande nilichotaka wakione kilikuwa kimekuwa ukuta wa kunipigia mimi kivuli.

Jibu nililipata kwa kujiuliza swali la kijinga: mimi mwenyewe pale nasisimka kwa lipi? Sura zile si nzuri. Lee Van Cleef ana macho kama mtu aliyekudai tangu mwaka juzi. Eli Wallach ni jasho tupu. Clint Eastwood hasogei. Ila najua kilicho chini ya ile nyasi. Najua kuna dhahabu ya dola 200,000, kwamba Tuco, yaani Wallach, ndiye aliyelijua jina la makaburi na yule wanayemwita Blondie, yaani Eastwood, ndiye anayelijua kaburi lenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo watu wawili wasiopendana wamelindana uhai jangwa zima, kila mmoja akiombea mwenzake afe akishasema. Nimekaa nao zaidi ya saa mbili kabla ya kufika pale. Watoto wangu wa uani niliwafikisha makaburini kwa teksi, nikawashusha, nikawaambia haya lieni.

Jumamosi ya tatu sikuwasha kitu. Nilizima taa ya uani, nikakaa kwenye kigoda, nikasema paukwa. Wakubwa wakaguna, lakini watoto wakaitikia pakawa, maana hiyo haina ujanja, ukisema paukwa mtu lazima aitikie. Nikasimulia. Mmoja analijua jina la makaburi, mwingine analijua kaburi. Nikawauliza: mngekuwa nyinyi, mngefanyaje? Hapo ndipo uwanja ulipowaka. Mtoto wa darasa la nne, yule wa imeganda, alisema angejifanya anaumwa ili abebwe mpaka kwenye kaburi. Fundi bajaji akasema yeye angetaja kaburi la uongo. Nikameza mate nisiseme kitu, kwa sababu ndivyo Blondie anavyofanya.

Na siri moja niliiacha tumboni. Kwamba usiku wa kuamkia siku ile, bastola ya Tuco ilikwisha kutolewa risasi, na mwenyewe hana habari. Ilinichukua muda kuamua. Ukiwaambia mapema, wanamcheka Tuco dakika tano zote. Usipowaambia, wanaogopa kwa ajili ya watu watatu. Nikachagua waogope.

Halafu nikawasha, lakini si pale pale. Vipande vya mtandaoni vyote huanzia watu wakishasimama kwenye duara. Mimi nikarudi nyuma, Tuco anapoingia makaburini na kuanza kukimbia kati ya misalaba akilitafuta kaburi, kamera inazunguka naye, muziki unapanda mpaka makaburi yanakuwa mistari tu. Jicho linachoka kukimbia, na linapofika kwenye watu waliosimama linataka lenyewe kutulia. Nilikuwa nimeazima na sabufa ya kinyozi wa jirani. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Spika za laptopu zinaligeuza tarumbeta la Morricone kuwa mbu.

Safari hii hakuna aliyesema imeganda. Nilimwangalia mama wa karanga: mkono ulikuwa umeishia njiani, karanga moja kati ya vidole, haijaingia mdomoni. Mtoto mmoja alikuwa akinong'ona, "Asianze, asianze," sijui alimwambia nani. Risasi ikalia, Van Cleef akaanguka, na Tuco akawa anavuta kifyatulio, kah, kah, hakitoki kitu. Fundi bajaji aliruka akasimama. "Kumbe haina risasi! Jamaa alikuwa anapigana na maiti tangu mwanzo!" Nikairudisha mara mbili, na mara ya pili walikuwa hawaangalii tena risasi, walikuwa wanamwangalia Blondie, kuona kama uso wake unatoa siri. Hautoi. Anamtazama Van Cleef peke yake muda mrefu. Nimeitazama picha ile miaka yote na sikuwahi kuliona hilo mpaka mtoto aliponionyesha kwa kidole kwenye shuka.

Baada ya hapo wakawa wanataka habari za nyuma ya pazia, na hapo ulimi wangu ulipata malisho. Niliwaambia yale makaburi si makaburi. Ni wanajeshi wa Hispania waliofukua udongo na kupanda misalaba zaidi ya 5,000 kule mkoa wa Burgos, chini hakuna hata mfupa, na kuanzia mwaka 2015 mashabiki wamekwenda na majembe kuufukua ule uwanja wa mawe uliokuwa umefunikwa na nyasi. Niliwaambia na habari ya daraja: kwenye picha hiyohiyo kuna daraja linalolipuliwa, na mara ya kwanza lililipuliwa kamera hazijawashwa, likajengwa upya likalipuliwa tena. Hiyo waliipenda kuliko kila kitu, maana kila mtu ana mjomba fundi wa aina hiyo.

Lakini la kunifurahisha mimi ni la sauti. Picha ile ilipigwa bila kunasa sauti. Huyu aliongea Kiingereza, yule Kitaliano, mwingine Kihispania, kila mtu na lake mbele ya kamera, kisha maneno yakatiwa baadaye studio. Kwa hiyo anayesema vijana wa banda waliiharibu picha kwa kuitia maneno, mwambie maneno yote mle yalitiwa. Ugomvi wangu na kijana wa maiki ni kwamba hakujua kunyamaza, na hata huo ugomvi nimeupunguza, maana mabati yale yalikuwa na kelele za barabara nzima. Angenyamaza tungesikia daladala.

Baada ya wiki hizo nikapata mteja ambaye sikumtarajia. Bibi wa nyumba ya mbele, mzaliwa wa Unguja, alituma mjukuu kuniuliza kama ninayo ya Gabbar. Nikaenda mwenyewe. "Shikamoo Bibi, unaisema Sholay?" "Marahaba mwanangu. Basi ipo nyengine?"

Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, Ramesh Sippy ndiye aliyeiongoza, na Bibi aliiona Avalon, hapa Dar, akiwa bado binti. Nikachagua kipande cha Gabbar Singh anapowauliza watu wake watatu waliorudi mikono mitupu. Nikajiandaa na paukwa yangu. Sikuhitaji. Bibi aliletewa kiti, akakaa, na kabla Amjad Khan, anayeigiza Gabbar, hajafungua kinywa, Bibi akafungua chake: "Kitne aadmi the?" Watu walikuwa wangapi? Hajui Kihindi cha kununulia hata chumvi, lakini ule mstari anao, na sauti anaishusha palepale Gabbar anapoishusha. Aadmi, akatuambia, ni huyuhuyu bin Adamu wetu, hakuna cha kutafsiri.

Kwa asiyekijua: bastola ina risasi sita, watu ni watatu. Gabbar anaona si haki, anapiga tatu hewani, anazungusha, anamwelekezea wa kwanza. Haitoki. Wa pili, haitoki. Wa tatu, haitoki. Anaanza kucheka. Anacheka mpaka majambazi wote wanacheka, mpaka wale watatu wenyewe wanacheka, na watoto wangu uani nao wakacheka. Kisha anawapiga wote. Kicheko cha uani kilikatika kama kilichokatwa kwa wembe. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, alikuwa anatuangalia sisi.

Ugomvi ulizuka kwenye mwisho wa picha. Kinyozi, mwenye sabufa, alisema mwishoni Thakur anamuua Gabbar kwa miguu, maana mikono Gabbar alishamkata, na viatu vimepigiliwa misumari. Bibi akasema hapana, polisi walikuja wakamzuia. Kinyozi akasema ameiona kwa macho yake. "Na miye nilikuwapo Avalon!" alisema Bibi, kama shahidi wa kesi. Ikafika mahali kinyozi anatishia kuondoka na sabufa.

Wote wawili walikuwa sahihi, na nilifurahi kuliko mtu aliyeokota pesa. Picha ilipotengenezwa, Thakur alimuua. Lakini mwaka ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, aonekane akichukua sheria mkononi, au tuseme mguuni. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike. Huo ndio uliozunguka kwenye majumba ya sinema, ndio aliouona Bibi. Ule wa mwanzo ulikuja kuonekana miaka mingi baadaye kwenye mikanda na diski, ndio wa kinyozi. Nilitafuta yote miwili, nikaiweka kwenye fleshi moja, Jumamosi iliyofuata nikaonyesha mmoja baada ya mwingine. Bibi aliutazama ule wa kuua hadi mwisho. "Huu mzuri," akasema, "lakini si wangu."

Gharama sikuzisema. Projekta inakula umeme, na mita ya nyumba ni moja, kwa hiyo mwenye nyumba alinijia juu kwamba LUKU inakwisha kabla ya siku zake. Tukakubaliana natoa elfu mbili kila Jumamosi, na yeye akaanza kushuka na kiti chake. Anapenda za karate. Sijampatia bado kipande cha karate kinachostahimili ukimya, natafuta.

Juzi Bibi aliomba tena. Si Gabbar. Alitaka pale Amitabh Bachchan anapokaa nje usiku na kupuliza kinanda cha mdomo, na kule barazani juu mjane wa nyumba ile anapita akizima taa, moja baada ya moja. Hawasemezani. Nilidhani watoto watakimbia, nikataka kutangulia na maelezo. Bibi akaniinulia kiganja ninyamaze. Taa ya mwisho ilipozimwa, yule wa darasa la nne alisogea karibu na kiti chake akamuuliza kwa sauti ya chini: "Bibi, anampenda?"

"Tulia," Bibi akamwambia. "Anko, rudisha."