Jinsi Nilivyozipata Picha za Setilaiti za Kimbunga Hidaya kwa Ubora Wake Kamili

Tangu kimbunga Hidaya kipite katika pwani yetu mwezi Mei 2024, walimu wenzangu wa jiografia wamekuwa wakiniuliza nilikozipata picha ninazowaonyesha wanafunzi na manahodha wa hapa Kilwa, zile ambazo ukizivuta karibu unaona wingu moja moja badala ya ukungu mweupe. Nimeamua kueleza kwa maandishi, kwa sababu ushauri niliopewa mimi mwanzoni ulikuwa mbaya kiasi cha kukatisha tamaa, na nisingependa mtu mwingine apoteze bando na usingizi kwa namna hiyo hiyo.

Mshauri wa kwanza aliniambia kwamba picha hizo zimejaa mtandaoni, niingie tu nichukue. Ni kweli zimejaa, lakini zilizojaa ni picha za kutazama: zimepunguzwa ili zifunguke haraka kwenye simu, zimebanwa, zimeandikwa majina ya nchi juu yake, na kisiwa cha Mafia ndani yake hakizidi punje. Mshauri wa pili akanielekeza kwenye programu za kukuza picha, zile zinazodai kuirudishia picha hafifu ung'avu wake. Jambo hili liliniudhi na linaniudhi hadi leo. Programu ya namna hiyo hairudishi kitu ambacho hakikuwemo, inabuni mawingu. Kumwonyesha mtoto wa kidato cha tatu, au baba mwenye jahazi, wingu ambalo halikuwahi kuwepo na kumwambia ndilo lililopita juu ya nyumba yake, kwangu ni uongo, hata kama linapendeza.

Wa tatu alikuwa kijana anayejua kompyuta kweli, na kwa upande mmoja ushauri wake ulikuwa mzuri. Alinionyesha kwamba idara ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, huweka data za setilaiti zake katika maghala ya mtandaoni ya kampuni ya Amazon ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua bila akaunti wala nywila. Nilifuata maelezo yake nikapata picha safi mno, kubwa, kamili, za bara la Amerika. Setilaiti hizo za NOAA, ziitwazo GOES, zimesimama upande ule wa dunia na haziwezi kuiona Kilwa hata kidogo. Katika maghala hayo hayo zimo pia picha za Himawari-9 ya Japani, nayo iko juu ya longitudo 140.7 mashariki, kwa hiyo pwani yetu imejificha nyuma ya ukingo wa duara lake. Kabla hujajifunza amri yoyote, jiulize kwanza setilaiti imesimama wapi.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki jibu ni Meteosat-9, inayoendeshwa na shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, EUMETSAT, lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Ilirushwa Desemba 2005, na tangu mwaka 2022 inaihudumia Bahari ya Hindi ikiwa juu ya ikweta kwenye longitudo 45.5 mashariki, yaani juu ya bahari upande wa mashariki wa Kismayu, kimo cha takriban kilomita 36,000. Kutoka hapo inatutazama karibu wima. Kila baada ya dakika 15 huipiga dunia picha kwa chaneli 12, yaani aina 12 za mwanga. Chaneli 11 zina pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya kilomita 3, na ya kumi na mbili, iitwayo HRV, ina pikseli ya kilomita 1. Ubora kamili ninaouzungumzia ni huo. Chaneli ya HRV hufanya kazi mchana tu, kwa kuwa inategemea mwanga wa jua, na haifuniki duara zima kutoka mashariki hadi magharibi, hivyo ni vyema kuhakiki kwamba eneo lako limo. Usiku hutumika chaneli za infraredi, hasa ile ya mikromita 10.8, inayopima joto la vilele vya mawingu.

Akaunti katika ghala la data la EUMETSAT ni bure. Ukishakubali masharti ya leseni unapewa funguo mbili, na kwa funguo hizo unaomba tokeni ya kuingilia, yaani nywila ya muda. Mkusanyo unaotuhusu unaitwa EO:EUM:DAT:MSG:HRSEVIRI-IODC. Uandike hivyo hivyo hadi herufi za mwisho, kwa sababu bila ile IODC, inayomaanisha huduma ya Bahari ya Hindi, utaletewa picha za setilaiti nyingine iliyosimama juu ya Ghuba ya Guinea.

Tabu inaanza kwenye ukubwa. Kila chaneli ya kawaida ina pikseli 3,712 kwa 3,712, na HRV ina mistari 11,136. Faili moja likishafunguliwa ni takriban megabaiti 270, na kwa siku nzima kuna mafaili 96. Ukizidisha unapata zaidi ya gigabaiti 25 kwa siku moja ya kimbunga, ilhali mimi nilitaka kuanzia kilipokuwa kinajijenga baharini hadi kilipofika Mafia tarehe 4 Mei.

Fundi mmoja wa kompyuta mjini, ambaye watu humwamini sana, alinishauri ninunue bando la usiku, niweke viungo vyote kwenye programu ya kupakua, nilale, asubuhi nikute kazi imekwisha. Nilifanya kama alivyosema. Nilipanga viungo kwa mpangilio wa saa, nikaambatanisha tokeni, nikachomeka kompyuta mpakato kwenye umeme, nikaiweka simu dirishani ambako mtandao hushika vizuri. Mafaili ya mwanzo yalishuka taratibu lakini yalishuka. Alfajiri nilikuta orodha ndefu, kila jina lipo, kila alama ya kumaliza imewekwa, na moyo ukanifurahi, mpaka nilipotazama safu ya ukubwa. Mafaili machache ya juu yalikuwa na ukubwa wake. Yote yaliyobaki yalikuwa na baiti mia kadhaa tu. Nilifungua moja kwa programu ya maandishi, ndani hamkuwa na picha bali sentensi fupi ya kukataliwa yenye namba 401. Tokeni ile huisha muda wake baada ya saa moja, na programu ya kupakua, isiyojua hilo, iliendelea kugonga mlango usiku kucha na kuhifadhi kila jibu la kukataliwa kana kwamba ndiyo picha. Fundi alipoelezwa alisema ninunue bando kubwa zaidi. Nililinunua, na safari hiyo umeme ukakatika.

Kilichonitoa hapo ni kubadili swali. Nilikuwa nikiuliza namna ya kuleta mafaili makubwa Kilwa, wakati sikuyahitaji Kilwa. Nilichohitaji ni kipande cha bahari kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Basi nikakodi seva, yaani kompyuta ya mbali, huko huko Ujerumani, ya kulipia kwa saa, nikaingia kutoka kwenye kompyuta yangu kwa dirisha la amri, ambalo linapitisha maandishi matupu na hula bando kidogo mno. Gharama yake haifiki hata bando moja la wiki, maadamu seva ukiimaliza unaifuta kabisa. Wakodishaji wengi huendelea kukutoza hata ukiwa umeizima tu. Chagua yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya kutosha, gigabaiti 4 au zaidi, kwani zile za bei ya chini kabisa huangusha kazi katikati HRV inapofunguliwa.

Kwenye seva niliweka vitu viwili. Cha kwanza ni EUMDAC, chombo cha EUMETSAT wenyewe cha kutafuta na kupakua, ambacho huomba tokeni mpya kila ya zamani inapoisha; kama yule fundi angekijua, nisingekesha bure. Cha pili ni Satpy, maktaba ya lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayosoma mafaili hayo na kuyageuza kuwa picha. Mafaili ambayo nyumbani yalinishinda usiku mzima, pale yalishuka kabla chai haijapoa, kwa sababu yalikuwa yanatoka jirani kwenda jirani. Kisha nikaiambia Satpy inikatie eneo la longitudo 38 hadi 42 mashariki na latitudo 11 hadi 6 kusini. Hapo namba huandikwa kwa mpangilio wa magharibi, kusini, mashariki, kaskazini, na latitudo zetu zote zina alama ya kutoa. Ukiisahau utakatiwa Ethiopia. Kipande nilichopata kina pikseli kama 440 kwa 550 za HRV, kila moja ikiwa ile ile iliyotoka kwenye setilaiti, bila kukuzwa wala kupambwa, na faili lake halifiki hata megabaiti moja. Picha za mchana mzima, kila baada ya robo saa, zilishuka Kilwa kwa bando la kawaida la siku.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinipa raha kuliko yote. Kazi kwenye seva niliianzishia ndani ya programu iitwayo tmux, inayoifanya iendelee hata mawasiliano yakikatika. Umeme ulikatika tena, kama kawaida ya hapa. Safari hii nilikaa barazani kwa utulivu, kwani kule Ujerumani mafaili yalikuwa yanakatwa moja baada ya jingine bila kunihitaji. Uliporudi niliingia nikakuta kazi imekwisha.

Kuhusu saa, muwe waangalifu. Mafaili huhesabiwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo picha ya 0900 ni ya saa sita mchana kwetu. Zaidi ya hapo, muda unaoandikwa kwenye jina la faili ni wa kumaliza kupiga, si wa kuanza, na ndiyo maana utaona dakika ya 12 badala ya 00. Kihisi cha setilaiti huichora dunia kutoka kusini kwenda kaskazini kwa takriban dakika 12, kwa hiyo sisi tulio karibu na katikati tunapigwa kama dakika 6 hivi baada ya kuanza. Kwa kimbunga kinachosogea, dakika hizo zina maana.

Picha nilizianza kuzionyesha kwa projekta darasani, kisha jioni moja kwa wavuvi. Zile za asubuhi ndizo bora, kwa kuwa jua likiwa chini vilele vya mawingu marefu hutupa vivuli juu ya mawingu mafupi, na HRV huvionyesha vivuli hivyo waziwazi. Nahodha mmoja mtu mzima alisimama akaja hadi ukutani. "Mwalimu, hebu irudishe nyuma," akasema. Nikairudisha. Alifuata mkono mmoja wa mawingu kwa kidole, picha baada ya picha, ukizunguka kwa mwendo wa mishale ya saa kama vimbunga vyote vya kusini mwa ikweta, hadi kidole kikafika Songosongo. "Hii ni Ijumaa?" akauliza. "Ndiyo, Mzee wangu, Ijumaa tarehe 3, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoka." Akaitazama kwa muda, akawageukia vijana wake akawaonyesha mahali ambapo wao hutega, na umbali uliokuwa umebaki kati ya hapo na kimbunga chenyewe. Maswali yaliyofuata yalikuwa mengi na ya maana kuliko niliyowahi kuulizwa kwa picha za kwenye simu.

Kwa anayehitaji picha mbili tatu tu, seva si lazima. EUMETSAT wana huduma yao, Data Tailor, inayokata eneo na kuchagua chaneli kwenye mitambo yao wenyewe, nawe unapakua kipande kilichokwisha kukatwa. Ninaitumia mara kwa mara. Kwa mafaili mengi naona foleni yake inachosha, na seva bado ninaipendelea.

Tangu Desemba 2024 kuna Meteosat-12, ya kizazi kipya, iliyoanza kazi rasmi kwenye longitudo 0. Hupiga kila baada ya dakika 10, na baadhi ya chaneli zake zina pikseli ya nusu kilomita. Uzuri wake kwa mpakuaji ni kwamba kila picha imegawanywa katika vipande 40 vya mlalo, namba moja ikiwa kusini kabisa, na EUMDAC inakuruhusu kuchukua vile unavyovitaka tu. Tanzania yote imo katika vipande vitano au sita vilivyo chini kidogo ya katikati, na vingine vyote unaviacha huko huko. Wapo wanaosema kwamba Meteosat-9 sasa haina kazi tena kwetu. Sikubaliani nao. Kutoka longitudo 0 setilaiti inaitazama pwani yetu kwa ubavu, na wingu lenye kimo cha kilomita 15 huonekana limesogea kuelekea mashariki kwa umbali unaokaribia kimo chake, hivyo wingu lililo juu ya Mafia linachorwa nje baharini. Kutoka longitudo 45.5 msogeo huo ni kama kilomita 3 tu. Kwa Kigoma na Ziwa Tanganyika ninatumia hiyo mpya bila kusita. Kwa Mafia, Kilwa na Mtwara ninachukua zote mbili: mpya kwa kuliona umbo la wingu, na ya zamani kwa kujua liko juu ya nani.