Jibu la kwanza ni la heshima tu

Huku Tanga ukikutana na mtu Ngamiani ukamuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, za watoto, nzuri, za kazi, tunamshukuru Mungu. Mkikaa barazani kahawa ikaja na kashata, mkaongea mpira weee, ndo anakwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto kalazwa hospitali ya Bombo tangu juzi. Na hajakudanganya pale mwanzo, jibu la kwanza ni la heshima, la pili ndo habari yenyewe. Hili tunalijua tangu utotoni, ila tukishapewa ofisi na funguo tunalisahau, tunauliza mara moja, tunaambiwa "salama bosi", tunaondoka zetu.

Mimi nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa njia ya Pongwe. Masika ya mwaka jana maziwa yalikua yanakatika sana, dada wa maabara akiyachanganya na alkoholi kwenye kipimo yanaganda hapo hapo, na yakiganda hatuyapokei, mfugaji hasara na sisi hasara. Nikaitisha kikao, swali langu la kwanza "nani analeta maziwa mabovu?" Kimya. La pili "kuna mtu anaongeza maji?" Kimya, watu wanaangalia viatu vyao. Sasa jamani lile si swali, ile ni shutuma, tena kama ni maji laktomita ingeniambia yenyewe, sikua na haja ya kumuuliza mtu mbele ya wenzake.

Kuna Mjapani mmoja wa Toyota, Taiichi Ohno, alikua anafundisha watu kuuliza kwa nini mara tano. Mashine imesimama, kwa nini, fyuzi imeungua, kwa nini, beringi haipati mafuta ya kutosha, anaendelea hivyo hivyo mpaka anafika kwenye pampu ya mafuta, kumbe haina chujio, vipande vya chuma vinaingia vinaisaga. Angeishia kwenye fyuzi angekua anabadilisha fyuzi kila siku. Nikaipenda sana hiyo nikaijaribu kwa vijana wetu wa bodaboda wanaotuletea maziwa, ikanishinda, maana "kwa nini" ikitoka kwa bosi mara ya pili tu mtu anaanza kujitetea, ya tatu anajiona yuko polisi. Siku hizi nasema "ikawaje?" au "enhe, halafu?" basi. Mtu ukimuuliza ikawaje anasimulia, na kwenye kusimulia ndo mambo yanatoka.

Nikamfuata kijana mmoja pale bombani anaosha vyombo, nikamsalimia, nikachukua dumu nikawa nasuuza naye. Asubuhi ilikuaje? Njia mbaya bosi. Enhe? Akasema zile keni za aluminiamu mipira ya mifuniko ishakatika siku nyingi, ukiingia kwenye makorongo maziwa yanamwagika, kwa hiyo wenzake wengi wanabebea kwenye madumu ya mafuta ya kula. Hapo nikaelewa nusu, maana dumu mdomo wake mdogo, mkono hauingii, huwezi kusugua ndani, mabaki ya jana yanachachusha maziwa ya leo. Nikamuuliza, na yakimwagika kidogo inakuaje? Akanyamaza. Nikanyamaza na mimi, na hapa ndo pagumu kuliko pote kwa mtu mwenye cheo, ulimi unawasha unataka kumalizia sentensi ya mwenzio, nikajizuia tukaosha dumu la pili lote bila neno. Mwisho akasema, "Si unatukata bosi."

Kweli. Sheria ya kukata lita zinazopungua njiani niliiandika mimi mwenyewe nikaibandika ukutani. Nikaibandua siku ile ile jioni, na mipira ya mifuniko nikanunua, bei yake kama ya chai na vitumbua. Ningechelewa hata wiki yule kijana asingeniambia kitu tena, na wenzake wangemuona mjinga kwa kusema.

Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson miaka ya 90 alichunguza timu za wauguzi hospitalini, akitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta zile zinazoongozwa vizuri ndo zimeripoti makosa mengi zaidi. Akaja kuona kwamba kule watu walikua huru kuyasema. Kwa hiyo msimamizi mwenzangu, daftari la matatizo likikaa tupu mwezi mzima usifurahi haraka, nenda kaoshe madumu na watu.

Wazee wetu wa zamu ya usiku bado sijawapata, wao nikiuliza wananiambia "kila kitu shwari mwanangu" na mimi kumhoji mtu wa umri wa baba siwezi, inabidi nikae nao kahawa nyingi zaidi. Ila yule kijana wa bodaboda Jumamosi iliyopita kaniuliza yeye, mbele ya wote, "bosi na wewe geti siku hizi linafunguliwa saa moja badala ya kumi na mbili na nusu, tunasimama juani na maziwa, inakuaje?" Nikavuta kreti nikakaa, nikamsimulia.