Jumapili Tuliyopanda Stigliano

Malindi hakuna vilima. Ukitoka mjini kwenda Watamu unaendesha baiskeli mpaka unasahau kwamba duniani kuna gia, na ile Black Mamba ya marehemu baba niliyojifunzia haikuwa na gia hata moja. Ilikuwa na keria ya kubebea mitungi ya maji, kengele iliyokwama, na breki za vyuma ambazo ulizikamata huku ukimtaja Mungu. Kwa hiyo shemeji aliponiambia, jioni moja mwishoni mwa Aprili 2018, kwamba kesho Jumapili twende Stigliano kwa baiskeli, mimi nilisikia jina la mji tu. Aliyecheka ni dada yangu, jikoni.

"Ni juu kidogo, shemeji," akaongeza yule bwana.

Juu kidogo ni mita 900 na ushei. Sisi tulikuwa Marconia, karibu na bahari ya Ionia, mkoa wa Basilicata, pale kwenye upinde wa unyayo wa lile buti la Italia. Dada ameolewa huko. Mumewe alikuja Malindi kwa likizo kama Waitaliano wengine waliotujazia mji, akarudi, akarudi tena, na mara ya mwisho akaja na wazee wake kuposa. Kiswahili chake ni cha sokoni Malindi. Kiitaliano changu ni cha ufukweni Malindi, nilichokiokota nikipeleka watalii baharini. Tukiwa wawili tunavichanganya vyote na kazi inakwenda.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipewa baiskeli ya chuma ya zamani, ya mbio, iliyokuwa ya kaka yake shemeji. Usiku ule shemeji alikuwa ameifunga gia nyepesi zaidi nyuma, akapaka cheni mafuta, hakusema kwa nini. Mfukoni tulikuwa na mkate, kipande cha jibini la kondoo, tyubu mbili na pampu.

Kule chini bado ni nchi ya kazi. Michungwa, mifereji ya maji, na stroberi ekari kwa ekari chini ya mapaa ya plastiki. Hapo ndipo tulipokutana na waendesha baiskeli wengine wa siku ile, na nadhani ndio pekee: vijana watano sita wa Afrika Magharibi wakienda kuchuma, kila mmoja juu ya baiskeli kuukuu yenye kikapu mbele, koti la kung'aa begani ili magari yawaone. Mmoja alinitazama mimi, akatazama bukta yangu ya kubana, akamwambia mwenzake neno, wakacheka mpaka wakayumba. Nikawapungia mkono. Ningekuwa wao ningecheka vilevile. Mtu mweusi anaendesha baiskeli saa hizi Jumapili na haendi kazini?

Kisha tukaingia bonde la mto Cavone, na magari yakaisha. Sisemi yalipungua. Gari la mwisho lilitupita, nikalisikia likibadilisha gia kwenye kona mbali huko, na baada ya hapo nilichosikia ni cheni mbili na pumzi moja, yangu, maana shemeji alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwa anahema. Mkono wa kulia mji wa Pisticci ulionekana mweupe juu ya mgongo wa kilima. Ukitazama vizuri unaona mwingine kilimani, na mwingine tena, na chini mabondeni ambako mtu mwenye akili angejenga, hakuna kitu.

Nikamuuliza shemeji kwa nini watu hawa walijitesa hivyo. Akanitajia maadui waliokuja kwa bahari zama hizo, halafu akanitajia mbu. Mabonde haya na uwanda wote wa Metaponto vilikuwa na malaria mpaka baada ya vita vya pili vya dunia, ilipopigwa dawa ya DDT na mabwawa yakakaushwa. Watu walilala juu, wakashuka alfajiri na punda kulima, wakapanda tena jioni. Mamake mwenyewe aliugua homa hiyo akiwa mtoto. Nilikaa kimya kidogo. Miaka yote Malindi nimewasikia Waitaliano wakiulizana habari za vidonge vya malaria kana kwamba ni kitu walichokisoma gazetini, na huyu hapa mkwe wa dada yangu alikuwa ametetemeka homa ileile.

Craco utaiona muda mrefu kabla hujaifikia. Kwanza unapita Craco Peschiera, nyumba za kawaida bondeni, halafu barabara inapinda na ule mji wenyewe unasimama mbele yako juu ya jabali: mnara wa mraba kileleni, na nyumba zimeshikana kushuka chini, hazina madirisha, hazina mapaa. Udongo ulianza kuporomoka na mwaka 1963 watu wakahamishwa, wengi wakaletwa huko bondeni tulikopita. Tetemeko la 1980 likamaliza walichobakiza. Leo kuna uzio, na unaingia na kiongozi, kofia ngumu kichwani. Asubuhi hiyo lango lilikuwa limefungwa. Tulisimama nje tukala nusu ya mkate. Njiwa walikuwa wakiingia na kutoka kwenye matundu ya madirisha kama wenye hati za nyumba.

Nikasema, kwa nia njema tu, kwamba sijawahi kupita barabara tulivu namna hii, na kwamba wazungu wa kaskazini wangelipa pesa kuja kuendesha hapa.

"Wanalipa," shemeji akajibu. "Wanakuja, wanasema ooh, kimya kizuri. Shemeji, kimya hiki kimeletwa na meli na treni."

Watu wa Craco walianza kuondoka zamani kabla ya udongo, wengi wakaenda New York. Mjomba wake shemeji alikwenda Argentina. Kaka yake, mwenye baiskeli niliyoikalia, yuko Torino, kaskazini, tangu alipomaliza shule. Baadaye nilitafuta hesabu. Basilicata yote ina watu nusu milioni na kidogo, katika nchi ya kilomita za mraba zipatazo 10,000. Kaunti yetu ya Kilifi, ambayo ni kubwa kuliko hapo kidogo tu, ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.4 mwaka 2019. Kilifi nayo ina nyika tupu ya kutosha, lakini huwezi kuendesha nusu saa bila mtoto kukuitia jambo.

Baada ya Craco ndipo mlima ulipoanza kunidai. Haukuwa mlima mmoja, na hili ndilo linalochosha moyo kuliko miguu: unapanda, unafika mgongoni, halafu barabara inakurudisha chini karibu yote uliyoyapata, na kule ng'ambo unaiona ikipanda tena. Kila upande kulikuwa na ngano ya kijani na malisho ya sulla yaliyochanua mekundu, mazuri ajabu, lakini mimi nilikuwa naangalia gurudumu la mbele. Na palipokosekana ngano palikuwa na wanayoyaita calanchi, vilima vya udongo wa mfinyanzi uliochimbwa na mvua mpaka ukabaki makorongo na mbavu za rangi ya jivu, hata nyasi zimekata tamaa. Hapo nilijiona niko kwetu Marafa. Anayelijua lile korongo la Nyari la Wagiriama ataelewa. Tofauti ni kwamba la kwetu lina wekundu na waridi, na lina hadithi ya familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa mpaka Mungu akaididimiza. Nilimsimulia shemeji hadithi hiyo kwa vipande, sentensi moja kwa kila kona. Akasema huku hakuna aliyewahi kuwa na maziwa kiasi hicho, na udongo umedidimia vilevile.

Barabara yenyewe ilikuwa imedidimia. Tulikuta kizuizi cha plastiki na kibao cha kusema njia imekatika, kimefifia kwa jua. Dalili kwamba kimekaa hapo miaka. Lami ilikuwa imeshuka upande mmoja, imepasuka mpaka mkono unaingia. Shemeji akashuka, akabeba baiskeli begani, akapita kama mtu anayeruka mtaro nyumbani kwake. Ukiuliza kwa nini magari hayakuwepo, hili nalo ni jibu.

Kisha mbwa. Watatu, weupe, wakubwa kama ndama, wa kulinda kondoo. Walikuja kutoka juu ya mteremko bila kubweka, na hilo ndilo lililonitisha. "Usikimbie. Shuka. Baiskeli katikati," shemeji akasema kwa sauti ya kuagiza kahawa. Tukatembea hivyo, baiskeli kati yetu na meno, nikisoma kila nilichofundishwa madrasa. Walitufuata mpaka mpaka wao, ambao waliujua wao tu, wakakaa chini. Kutoka mbali sana tulisikia mluzi wa mchungaji, umechelewa, wa heshima tu.

Kona za mwisho za kupanda Stigliano sitazisimulia. Nilizipanda kwa ile gia nyepesi, na ningemkuta aliyeivumbua ningemchinjia mbuzi.

Tulifika saa saba na robo, wakati mbaya kuliko wote, maana Jumapili saa saba Mtaliano wa kusini yuko mezani na hata paka hayuko nje. Harufu ya mchuzi ilitoka kila mlango. Tulikunywa maji ya bomba la uwanjani mpaka tumbo likalia. Mzee mmoja tu alikuwa amekaa nje ya baa iliyofungwa, fimbo katikati ya magoti, na hakushangaa kutuona. Akamwuliza shemeji ni mtoto wa nani, wakatafutana ukoo kidogo kwa lugha yao ya vijijini ambayo Kiitaliano changu cha ufukweni hakiifikii. Halafu akanigeukia mimi kwa Kiitaliano safi, polepole:

"Na wewe kijana, umetoka wapi?"

"Kenya, mzee. Malindi."

Akaitikia kwa kichwa. Yeye alifanya kazi Wolfsburg, Ujerumani, kiwanda cha magari, alikwenda kijana, akalala bwenini na wenzake wa huku huku. Alirudi kwa pensheni. Watoto wake hawakurudi naye. Alisema zamani mji ulikuwa na watu mara mbili ya hawa, na barabara tuliyopanda ilijaa punda, ilikuwa lazima upige kelele upishwe. Akanitazama miguu. "Umepanda yote hiyo? Hakuna anayekulipa?" Nikasema hakuna. Akamwambia shemeji neno moja, shemeji akakataa kunitafsiria mpaka leo.

Kutoka hapo hadi Aliano, kwenye miadi yetu na dada, tulikwenda kwa mteremko mwingi, upepo masikioni na mwewe wenye mikia ya panda wakizunguka usawa wetu, maana juu vile unawaona ubavuni. Sikukanyaga pedali ila nilipolazimika.

Dada alikuwa ameegesha gari uwanjani, amekaa ukutani na mabibi wawili, wanabishana habari ya pilipili nyekundu zile wanazozianika na kuzikaanga. Yeye lugha ya vijijini anaipiga kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa ameleta pilau katika sufuria lililofungwa kanga.

"Wali umepoa. Mlilala njiani?"

Shemeji hakukaa hata kula. Aliano kuna kaburi la Carlo Levi, yule daktari na mchoraji wa Torino ambaye serikali ya Mussolini ilimfungia huku uhamishoni mwaka 1935, na ambaye alipokufa mwaka 1975 akazikwa huku huku. Shemeji hufika kumzuru kila apitapo. Makaburini, akanionyesha kwa kidole, ni pale juu.

Nikatazama pale juu, nikamwambia amfikishie salamu zangu, nikafunua sufuria.