Kufuli

Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, nilikuwa naanua nguo nyumbani kwa mama, Bukoba, mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwangu. Ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu alasiri. Kilianza kishindo kama lori linamwaga mawe, halafu ardhi ikacheza. Zaidi ya hapo siwezi kueleza. Kuku ndio waliojua pa kukimbilia; sisi tulishikana kanga tu. Baadaye tukasikia kwamba lilikuwa tetemeko la 5.9.

Nilipofika kwangu nilikuta mlango umesimama. Mlango peke yake. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala chini, bati zimekunjamana juu ya kitanda, lakini fremu ilikuwa wima na kufuli nililofunga asubuhi linaning'inia palepale. Ufunguo nilikuwa nao, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Sijui akili yangu ilikuwa wapi siku hiyo: nilifungua kufuli, nikapita mlangoni, nikaingia kwenye kifusi.

Nyumba ile ilichukua miaka minne, miwili nikiwa na marehemu mume wangu, miwili peke yangu. Tofali zilikuwa za kuchoma, ila tuliziunga kwa udongo kwa sababu saruji ilitushinda bei. Mkopo wa bati ulikuwa umebakiza miezi saba.

Jumapili tulisali nje, chini ya mwembe, maana ukuta wa kanisa ulikuwa na ufa unaopitisha mkono. Mzee mmoja alisimama akasema Mungu amenena, tutubu, na sisi tuliobaki hai tushukuru. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nahesabu bati kichwani, zipi zitanyooka na zipi za kutupa. Na nilijionea aibu, maana mjini kulikuwa na watu waliokuwa wanazika. Nani atanivumilia nikimlilia nyumba?

Usiku tulilala kibanjani kwa mama, chini ya turubai, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado inatikisika mara moja moja. Watoto walipopitiwa na usingizi nikasogea kwenye migomba kusali. Nikaanza kama nilivyofundishwa: Baba yetu mwema, tunakushukuru kwa... Ulimi ukagoma.

"Sikushukuru," nikasema.

Baada ya hapo sikujizuia tena. Nikamwambia: ulimchukua baba yao, nikanyamaza. Nikasema mapenzi yako yatimizwe, watu wakanisifu kwa imani. Sasa na nyumba? Ulikuwa na ugomvi gani na nyumba ya mjane? Nikamtajia na yule jirani wa kule barabarani, ambaye kila mtu anajua alijenga kwa hela gani, na ukuta wake hauna hata ufa. (Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa nasali, na wivu nao ulikuwamo.) Nililia mpaka kamasi. Nikaupiga mgomba ngumi, na mgomba ni mti laini, haukuumizi hata mkono, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

"Umemaliza?"

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu, juu ya ndoo, tochi ya simu ameielekeza chini. Nikajiandaa kukemewa. Mama alifundisha watoto wa Sunday school miaka mingi. Mbele yake hata neno "jamani" halisemwi ovyo ukiwa kwenye sala.

"Punguza sauti," akasema. "Jirani watadhani umekunywa rubisi, kama kuhani Eli kwenye Biblia alivyomdhania Hana alipokuwa anasali."

Nikakaa chini, kwenye majani makavu.

"Na deni la bati umemtajia?"

"Hapana, mama."

"Mtajie. Usimfiche hesabu."

Nikamtajia. Kiasi, tarehe ya kila mwezi, majina ya wadhamini wangu wawili. Kumsomea Mungu hesabu za mkopo usiku wa manane kunachekesha kidogo, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sala ya kwanza tangu msiba wa mume wangu ambayo sikuitafutia maneno mazuri.

Mama akaniambia ipo zaburi moja, ya 88, isiyofika kwenye shukrani. Inaishia gizani. Akasema watoto hakuwafundisha hiyo. Kisha akazima tochi, akaanza kusali yeye, kwa Kihaya.

Sala za mama nilizijua tangu utotoni, zilianza na shukrani ndefu hadi chai inapoa. Usiku ule alianza na kaka yangu, aliyefariki 1998, ambaye jina lake halikuwa likitajwa pale nyumbani. Akauliza kwa nini. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayekumbushia barua ambayo haijajibiwa. Miaka 18 nilidhani alikwisha kulikubali lile jambo.

Katikati ya maneno ardhi ikatikisika, kidogo tu, majani ya migomba yakachakarisha. Mama akanyamaza, akanishika bega mpaka ikatulia.

"Bado sijamaliza, waitu," akamwambia Mungu, akaendelea.