Mrija wa poti ukikatika kifuani

Mimi ni nesi wodi ya kemo, yaani dawa za saratani, na kuna kitu kinaniuma sana, mgonjwa anasukumiwa maji kwenye poti, kile kidude cha kupitishia dawa, anasema sista panavuta hapa, anaambiwa vumilia kidogo tu. Jamani hapo hakuna kuvumilia!

Poti inakaa chini ya ngozi kifuani, mrija wake unaingia mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Sasa ukipitishwa pale kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, kila ukiinua na kushusha mkono mifupa inaubana inauachia, miezi inaenda, mwisho unakatika kama waya uliokunjwa na kukunjuliwa. Kipande hakibaki pale, damu inakibeba mpaka moyoni upande wa kulia au kinasogea hadi mshipa wa mapafu, na wengine hawasikii kitu kabisa, kinakuja kuonekana kwenye eksirei.

Lakini usikate tamaa ukaona ni kupasuliwa kifua. Toka 1964 madaktari waliripoti kutoa kipande cha waya moyoni kwa koleo lililopitia mshipani. Siku hizi wanapiga ganzi kwenye kinena, wanaingiza mrija mwembamba wenye kitanzi cha nitinoli (aina ya chuma kinachorudi umbo lake kikikunjwa), wanaangalia kwenye skrini kitanzi kinavyopanda. Kazi iko kwenye kukamata ncha iliyo huru, maana ncha zote zikiwa zimegandia ukuta wa mshipa kitanzi hakina pa kuingia, inabidi kwanza katheta, yaani mrija mwingine, yenye mkia uliojikunja ikivute kipande chini. Kikinaswa kinajikunja mara mbili kikitoka, ndo maana njia ya pale kinenani inatakiwa iwe pana, na mapigo ya moyo wanayaangalia muda wote kwa sababu yanaweza kurukaruka kipande kikigusa ukuta wa moyo.

Kwetu Dar nafurahi kwamba toka 2018 timu za wataalamu kutoka nje zinakuja hospitali ya Muhimbili kufundisha hii radiolojia ya kutibu, yaani kutibu ndani ya mwili kwa kuongozwa na picha za skrini.

Kwa hiyo ndugu yangu, poti ikigoma kutoa damu, au inatoa ukiinua mkono tu, au bega linavimba maji yakisukumwa, sema hapo hapo na omba eksirei kabla dawa haijaingia. Na siku poti inatolewa, waambie waupime mrija uliotoka walinganishe na urefu walioandika siku ya kuweka.